Maji Yakipita Kona Tatu

Jumapili, 9 Juni. Asubuhi mawingu, hakuna upepo. Jua limetoka saa nne.

Dada,

Shikamoo. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na mgongo wa shemeji umetulia. Shangazi anakusalimu. Nyonga iliyovunjika inaunga polepole. Anakaa kwa kuegemea mito miwili, kusimama bado. Muuguzi anakuja Jumatatu na Alhamisi. Vidonda vya kulalia vimeanza chini ya kiuno, navisafisha asubuhi na jioni. Mdomo haukuvunjika. Jana aliniambia namwagilia miche yake kama mtu anayezima moto.

Safari ilinichosha. Lori letu lilikatika springi hata hatujafika mbali, na dereva akaniambia nikifuata njia ya mtoni nitafika kabla yake. Nikabeba mfuko wangu nikatembea na mto, Alhamisi yote na Ijumaa yote. Usiku nililala kwa mke wa mwashi mmoja, watu wema.

Unajua sijawahi kuupita mto wetu zaidi ya kona ya tatu. Wewe pia hujawahi. Baba alituambia maji yakipita kona tatu hayana mwenyewe, yamekwisha kujisafisha, na sisi tukamwaga mapipa ya rangi ya karakana kila Alhamisi jioni kwa imani hiyo. Dada, nilipita kona ya tatu kabla ya chai ya asubuhi. Baada ya hapo niliacha kuhesabu.

Ijumaa asubuhi niliinama kwenye kivuko ninawe uso, nikaona buluu inakuja. Ilikuja taratibu, kwanza pembeni kwenye majani, halafu katikati. Buluu yetu. Ile niliyoikoroga Jumanne kwa mikono yangu. Sikuwa nimeitangulia kwa mbali. Ililala njiani kama mimi, ikanikuta.

Kulikuwa na mwanamke anafua, mkubwa, mwenye mikono kama ya mkata kuni. Akakusanya nguo zake bila haraka. Akasema, "Maji ya Ijumaa hayo. Ukichelewa, badala ya kufua unapaka." Wenzake wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kuzoea. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema natoka juu. "Juu wapi?" Nikajifanya nafunga kiatu.

Hatuko peke yetu. Njiani nimeona gereji inayomwaga oili, na watu wa ngozi. Lakini sisi ndio wa kwanza juu yao wote.

Ninalokuomba ni lile shimo. Nililiacha limefika kiunoni. Lichimbwe mpaka kifuani, chini kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, juu yake mchanga. Mapipa yamwagwe humo, si mtoni. Nilipolianza mlinicheka, na mimi mwenyewe nilikuwa nalichimba siku nikiwa na nguvu tu. Sasa si jambo la siku za nguvu.

Jana nimelala saa sita usiku.

Mdogo wako

*

Tarehe 22 Juni

Mdogo wangu, Bi Tarehe,

Marahaba. Baba hakukosea alipokupa jina hilo. Barua yako nimeisoma mbele ya watu wa karakana, na mkoroga rangi anauliza kama unalipwa kwa kuandika jua linatoka saa ngapi. Hali ya hewa ya huku: ipo.

Hatujambo. Mgongo wa shemeji yako uko vilevile, unauma kukiwa na kazi na unapona kukiwa na mpira. Mwanao mkubwa ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi bila kutaka. Mpe Shangazi pole nyingi. Mwambie akipona aje tumpe kitambaa cha kujifunga, achague rangi mwenyewe.

Tumepata kazi. Sare za shule mbili, buluu ya giza, vitambaa vyote viwe tayari mwisho wa Agosti. Unajua tangu Baba aondoke hatujapata kazi ya namna hii. Nimewarudisha wale mabinti wawili tuliowaachisha. Mmoja alilia. Mimi nililia baadaye, peke yangu, kwa sababu nilihesabu mapipa yaliyopo na mikono iliyopo.

Kuhusu shimo lako, lipo, usiwe na wasiwasi.

Lakini na wewe usitukuze mambo. Buluu haijaua mtu. Shangazi ameishi huko chini tangu hatujazaliwa, je, umewahi kumsikia akilalamika? Hata siku moja. Na angekuwa na la kulalamika, yule, tungelisikia huku bila barua.

Dereva anaondoka, naishia hapa.

Dada yako

*

Jumamosi, 6 Julai. Asubuhi baridi, umande mwingi, anga safi.

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifikia tarehe 1. Mwambie mwanangu aendelee kupiga mluzi kabla jino jipya halijaja. Nimefurahi kwa ajili ya wale mabinti. Nimefurahi kweli, usidhani naandika tu.

Shangazi amesimama mara moja, akishika mlango. Akasema mlango nao umezeeka. Vidonda havijafunga.

Ulisema hajawahi kulalamika, nikamuuliza. Nilimuuliza nikiwa nambadilisha shuka, ili asiweze kuondoka. Aliningoja nitandaze pembe ya mwisho. Halafu akasema hivi, nimeandika kama alivyosema:

"Mtu baki akikumwagia maji unakwenda kumfokea mlangoni kwake. Ndugu yako akikumwagia, unajifuta. Nilimwambia nani? Kaka yangu alikuwa anawalisha ninyi kwa maji hayo."

Nikamuuliza majirani wanajua inatoka wapi. Akasema, "Wananiambia, maji ya kaka yako yamefika. Nawajibu, yamefika, hayajambo."

Dada, wanamtania hivyo tangu ujana wake.

Sasa nakueleza wanavyoishi. Alhamisi watu wote wanateka, wanajaza mitungi, madumu, masufuria, hata beseni la kuogea. Ijumaa mchana buluu inafika. Jumamosi haitekwi. Jumapili wanaangalia, ikiwa nyeupe wanateka, ikiwa bado wanakwenda kisimani, mwendo wa kupanda, na kisima kinatoa matope. Miche ya Shangazi, vitunguu na kabichi na nyanya, inakunywa kutoka kwenye mitungi miwili iliyofukiwa nusu ardhini. Nimejifunza kumwagilia kwa kopo lenye matundu. Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye nyanya. Ya kuogea yanakwenda kwenye choo. Mwanzoni nilifanya kwa sababu ya uhaba. Sasa nikiona mtu anamwaga maji mkono unanicheza. Nakumbuka jinsi mimi nilivyokuwa nasuuza kitambaa, bomba wazi, huku napiga hadithi.

Nikirudi sitamwaga tena pipa mtoni, hata moja. Nimeliandika hapa ili liwe limeandikwa.

Jambo la mwisho. Dereva aliponiletea barua aliniambia siku hizi analaza lori nyuma ya kamba za kuanikia, pamesawazishwa vizuri. Dada, nyuma ya kamba za kuanikia ndiko kwenye shimo.

Jana nimelala saa saba usiku.

Mdogo wako

*

Tarehe 25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima. Shemeji yako anakusalimu.

Ndiyo, tumelifukia. Lori likija kuchukua vitambaa halina pa kugeuzia, na wewe hukuwepo, na shimo la kiunoni si kisima wala si kaburi, ni mahali pa mbuzi wa watu kuvunjikia miguu. Nilitaka kukuambia. Nikasema nikuambie kazi ikiisha.

Unaniandikia habari za mitungi. Mimi naamka kabla ya mtu yeyote, naenda kulala baada ya mtu yeyote. Kucha zangu zimekuwa buluu mpaka kwenye nyama. Wiki iliyopita mkoroga rangi aliugua, nikakoroga mwenyewe, shemeji yako akachovya, na mgongo wake huo. Wewe umechoka kwa kuona. Mimi nimechoka kwa kufanya. Usidhani maneno ya Shangazi hayakuniingia. Yameniingia. Nimemkumbuka Baba amesimama pale kwenye ukingo, pipa likimwagika, akitazama maji mpaka yapotee kwenye kona. Siku hizi najiuliza alikuwa anatazama nini.

Lakini sare ni Agosti. Siwezi kuchimba na kuchovya.

Unachotaka ni rangi isifike huko. Basi haitafika. Niachie mimi.

Dada yako

*

Ijumaa, 16 Agosti. Asubuhi jua kali mapema, upepo wa kutoka juu.

Dada,

Shikamoo. Hujaniandikia tangu Julai, wala mimi sikukuandikia. Nilikuwa na hasira, nikaogopa kalamu. Leo nimeishika mwenyewe.

Tangu mchana nilikuwa ukingoni na majirani, tunaitazama Ijumaa kama kawaida. Saa nane haikuja. Saa tisa haikuja. Saa kumi fundi baiskeli wa jirani akateka kwenye glasi akaiinua juani. Nyeupe. Akasema, "Kaka yake Shangazi amefufuka akatubu." Nikacheka mpaka nikaketi chini.

Hujaniandikia, lakini mto umeniandikia. Najua umechimba. Sijui umechimba saa ngapi na kwa mikono ya nani, na kazi ile iko mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa na wewe, Dada. Nisamehe.

Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wateke, kwamba ni karakana yetu, kwamba tumeacha. Ni mara yangu ya kwanza kusema huku kwamba ni yetu. Watu wamenishika mkono. Shangazi ameagiza miche yote imwagiliwe mara moja, tena kwa ndoo, hakuna kopo leo. Na mimi nimemkanda na kumsafisha vidonda kwa maji ya kutosha, si yale ya kubania. Amesema maji yana harufu kidogo. Nikamwambia ni harufu ya usafi.

Jana nililala saa nane usiku kwa mawazo. Leo nitalala mapema.

Mdogo wako

*

Tarehe 8 Agosti
(Imepokelewa 20 Agosti. Lori lilikaa gereji wiki nzima na barua ilikuwa chini ya kiti cha dereva.)

Mdogo wangu, Bi Tarehe,

Marahaba kabla hujasalimu, maana najua umenuna.

Watoto hawajambo. Sare ya shule ya kwanza imekwisha, imetoka vizuri, hata Baba angeguna kwa kuridhika. Shemeji yako anatembea amepinda kama herufi.

Nimepata dawa ya lile tatizo. Muuza dawa za usafi amenionyesha unga mweupe, klorini, ule wa kung'arishia nguo lakini mkali zaidi. Unaumwaga kwenye pipa lililotumika, unakoroga, buluu inakufa huku ukiona. Nimejaribu kwenye ndoo. Maji yametoka kama ya mvua. Yanatoka na mvuke unaoumiza macho, lakini si buluu. Mpaka huko kwenu hata harufu itakuwa imeisha, nadhani.

Nitaanza Alhamisi ijayo, tarehe 15. Kwa tahadhari waambie majirani Ijumaa hiyo wasiteke, wasubiri kwanza tuone unga huu ukoje. Nimempa dereva barua hii leo makusudi ikufikie mapema.

Shimo tutachimba baada ya sare. Safari hii nakuahidi.

Dada yako

*

Jumatano, 21 Agosti. Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 8 imefika jana. Ile niliyokuandikia Ijumaa itakufikia pamoja na hii. Isome kwanza ile, kisha hii.

Jumamosi asubuhi miche ilikuwa imekauka pembeni ya majani, kama imepitishwa kwenye moto. Jioni ilikuwa imelala. Kabichi zote, nyanya zote. Vitunguu vimebaki mstari mmoja, ule ambao ndoo haikuufikia. Vidonda vya Shangazi vimekuwa vyekundu na vinatoa maji. Alivumilia usiku mzima bila kuniita, asubuhi nikakuta ameuma pembe ya mto wa kulalia. Muuguzi amemsafisha kwa maji ya kisimani yaliyochemshwa, anasema vitapona lakini tumerudi nyuma mwezi mzima. Mtoto wa fundi baiskeli ametapika siku mbili, sasa anakula. Mwanamke wa nyumba ya tatu alifua nguo za mwanawe anayekaribia kuolewa, zimetoka mabaka.

Hakuna aliyekuja kunifokea. Wanapita wakitazama mbele.

Sikulaumu kwa barua kuchelewa. Ungesubiri jibu langu kabla ya kumwaga, lakini mimi pia ningesubiri barua yako kabla ya kupita nyumba kwa nyumba. Niliona maji meupe nikasoma nilichotaka kusoma.

Shangazi nilimweleza yote. Kisha akasema, "Ilipokuwa buluu tulijua la kufanya. Sasa ametunyang'anya buluu akatuachia sumu." Halafu akaongeza, "Usimwandikie hivyo." Nimekuandikia.

Sina nguvu ya maneno mengi. Usiniandikie tena kuhusu shimo wala unga wala sare. Njoo. Na usipande lori. Shuka na mto kwa miguu, kama nilivyoshuka mimi.

Jana sikulala.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 14 Septemba. Asubuhi ukungu mtoni, baridi ya kuvaa sweta. Jua limetoka saa tatu.

Mdogo wangu,

Nimerudi salama. Watoto hawajambo, mpiga mluzi ameota jino. Vidonda vya Shangazi vikoje? Niandikie ukweli, hata kama yeye anakukataza.

Nilipokuwa huko sikuongea habari za njiani, na wewe hukuniuliza, nakushukuru. Nilimwosha Shangazi, nikapanda ile miche mipya, nikapita nyumba kwa nyumba kama ulivyopita wewe, na watu wakanitazama kama walivyotaka. Sasa nimekaa mezani kwangu, naweza kukueleza safari.

Kona ya tatu niliifikia na viatu havijapata vumbi. Nilisimama pale. Kuna jiwe kubwa, na nyuma ya jiwe kuna nyumba, na nyuma ya nyumba mama mmoja anaosha masufuria mtoni. Hiyo ndiyo kona yenyewe, Bi Tarehe. Ukisimama kwenye ukingo wetu huioni nyumba. Ukipiga hatua kama za kwenda dukani, unaiona. Ndipo nilipojua Baba alikuwa anatazama nini. Alikuwa anatazama mpaka pale jicho linapoishia, halafu anageuka.

Nikaendelea. Nilitaka kurudi mara nyingi. Gereji niliiona, watu wa ngozi niliwaona, na kila nilipotaka kusema hawa ni wabaya kuliko sisi, miguu ilikuwa inauma na neno likakosa pumzi.

Kwenye kivuko nilimkuta yule mwanamke wako wa mikono ya mkata kuni. Nilimjua hapohapo. Alikuwa na shuka lenye mabaka ya unga wetu. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema natoka juu. "Juu wapi?" Nikasema, "Kwenye karakana ya rangi. Ni mimi."

Akanitazama sana. Nilingoja anipige, na ningekaa nipigwe. Akatupa kichwa kuelekea lile shuka, akasema, "Basi shika ncha hiyo." Tukalikamua, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka halikutoa tone. Ana nguvu, alikuwa ananivuta kama mtoto. Tulipomaliza akasema, "Mabaka hayatoki." Nikasema najua. Akasema, "Haya, nenda, kutakuchwea njiani."

Sikulieleza hilo kwenu kwa sababu nilikuwa bado nalisikia mikononi.

Habari za huku. Shule ya pili imepeleka sare zake kwa mtu mwingine, kwa sababu nimesimamisha mapipa. Yamejaa, yamefunikwa, hayaendi popote. Wale mabinti wawili niliwaambia mimi mwenyewe kwamba kazi imesimama. Yule aliyelia Juni hakulia safari hii, akaniuliza kama kuna jembe la ziada. Shemeji yako alinung'unika siku mbili, ya tatu akaja na sururu, akasema mgongo ukiuma kitandani na ukiuma shimoni ni mgongo uleule. Unga wote nimeurudisha dukani. Muuza dawa alishangaa. Dereva analaza lori barabarani na anasema sisi ni watu wa ajabu.

Sitakudanganya. Shimo la kwanza tulilijaribu jana, maji yaliyochujika yakatoka kijani. Mkaa haukutosha. Hayo nayo hayakwenda mtoni, tumeyarudisha kwenye pipa kwa ndoo, moja moja, na tunachimba la pili pembeni yake. Mkoroga rangi anauliza tutaishi vipi mpaka hapo. Nikamwambia sijui. Ni mara ya kwanza ananisikia nasema sijui, akaacha kuuliza.

Nimechoka, mdogo wangu, lakini si kule kuchoka kwa Julai. Kule kulikuwa kuchoka kwa mtu anayesukuma mlango wakati yeye mwenyewe ameuegemea.

Shimo la pili limefika kifuani. Kifuani kwangu, wewe ni mfupi, ukirudi litakufika shingoni, kwa hiyo usije ukaingia bila kunipigia kelele.

Jana nimelala saa mbili na nusu usiku, na udongo miguuni.

Dada yako